Uvimbe kwapani mwa Sajenti

Shighatini, Jumamosi jioni. Ukungu umeshuka mapema, migomba ya jirani siioni, na mimi nina furaha ambayo asubuhi sikuitegemea kabisa.

Juzi nilikuwa namtoa kupe Sajenti, mbwa wetu, mzee sasa mpaka mdomo umeota mvi. Kwapani, upande wa kushoto, vidole vikagusa kitu cha mviringo. Nikadhani ni kupe aliyeshiba, nikakivuta. Hakikutoka. Kilikuwa ndani ya ngozi.

Shangazi yangu alianza na uvimbe mdogo hivyo hivyo, na tulimzika.

Sikumwambia mtu. Hapa kwetu mbwa ni mlinzi: anakula makombo, analala nje, na hakuna anayempapasa. Baba mkwe ndiye mkali kuliko wote. Kila akinikuta nimemshika Sajenti hunikumbusha kwamba mbwa aliyezoea mkono husahau kubweka. Nimeolewa hapa miaka mingi na sijawahi kumwona akimgusa hata kwa ncha ya fimbo.

Leo daktari wa mifugo amepanda na bodaboda kumwangalia ng'ombe wa jirani. Nikamvizia njiani, nikamwomba apitie na kwetu. Baba mkwe alikuwa barazani anachambua kahawa, nikajua leo nitasemwa.

Daktari alikibinya kile kivimbe taratibu. Akasema ni laini, kinateleza chini ya ngozi, hakina kidonda, na mbwa haumii akiguswa. Mbwa wazee huota vinundu vya mafuta vya namna hiyo. Cha kuogopa ni kile kigumu, kilichong'ang'ania nyama ya ndani, kinachotoa damu au kinachokua haraka. Ila kwa kugusa tu hawezi kuapa. Akataka kujua kimekuwepo tangu lini, na kama kimeongezeka.

Ningejuaje? Mimi nimekigundua juzi.

"Kipo tangu tulipochuma kahawa mwaka jana," akasema baba mkwe bila kuinua macho. "Kilikuwa kama harage. Mpaka leo asubuhi ni harage lile lile."

Mpaka leo asubuhi!

Kwapa la mbwa halionekani ukiwa umekaa barazani. Lazima alale chali mwenyewe, na Sajenti halali chali kwa mtu asiyempenda. Nilimtazama baba mkwe, naye akazidi kuchambua kahawa yake kana kwamba ametaja habari za mvua.

Daktari akasema basi tutulie. Kikibadilika tumwite, atachukua majimaji kidogo kwa sindano yakapimwe. Kila mwezi mtu akipapase, na awe mtu mmoja yule yule, ili mkono ukumbuke. Akauliza atakuwa nani.

Nilikuwa nafungua mdomo, baba mkwe akaniwahi.

"Mama Neema ana kazi nyingi," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Nitakishika mimi."

Nikajibu, "Sawa, Baba," nikakimbilia jikoni kabla kicheko hakijanitoka. Kumbe kilichotoka ni machozi. Nilikuwa nimembeba huyu mbwa moyoni nikidhani niko peke yangu, na mzee wa watu anampenda kwa kujificha, nyumbani kwake mwenyewe.

Sitamuuliza kitu. Ila nimeamua: kuanzia kesho asubuhi sitaharakisha kufungua mlango wa uani. Nitaanza kukohoa kwanza, mzee apate kuondoa mkono.