Mtu wa Kumi na Tatu Kwenye Kijitabu

Jumanne, 8 Aprili

Hapana bwana, si mimi! Ndivyo nilivyomjibu bosi. Kazi yangu kuwinda wateja, kukunja karatasi na kubana pini. Hesabu nilimwachia mwalimu darasa la nne, hajanirudishia mpaka leo.

Bosi kashika kijitabu cha kuwakumbuka waliofukiwa machimboni mwaka jana, tulichowachapia wenye machimbo. Ndani majina kumi na mawili. Chini kabisa: "Pumzikeni kwa amani, nyote 13."

Tukamgeukia Profesa, fundi wetu wa kompyuta. Kaandika amri zake za kupanga kurasa — kompyuta ichape jina, iongeze moja kwenye kihesabio, irudie. Eti majina yakiisha, kihesabio hakibaki kumi na mbili. Lazima kifike kumi na tatu ndipo kijue yameisha. Na Profesa kaichukua namba iliyobaki, kaibandika chini bila kuangalia.

Nikasema, kama mgonga milango asiyeona — hajui vyumba vimeisha mpaka agonge ukuta.

Profesa akacheka. Bosi hakucheka. Ibada ni Jumamosi. Vichapwe upya vyote!

Tatizo — kimoja nilishakitoa. Asubuhi nilikwenda nacho lango la machimbo kutafutia wateja, mama muuza maji akakiomba. Nikampa. Mdomo wangu na mkono wangu, vyote havina breki.

Jumatano, 9 Aprili

Profesa karekebisha. Unatoa moja tu, anasema, basi. Kwa kompyuta rahisi.

Nikaenda kukidai kile kijitabu. Mama muuza maji kakifunga kwenye kitambaa, kakiweka kifuani. Akanishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, wamekubali!"

Wamekubali nini, mama?

Kitindamimba wake alikuwa kibarua wa kutwa mle machimboni. Hakuandikishwa. Mwili haukuonekana. Msimamizi wa machimbo akiulizwa, jibu lake moja: huyo hakuwepo, katoroka, mtafuteni huko aliko. Mwaka mzima! Sasa mama kahesabu majina, kaona kumi na mawili, kaiona namba ya chini.

"Jina hawakuwa nalo. Lakini wamemhesabu."

Mimi, ninayeweza kumuuzia kipara kitana, nikaishia kuwa mteja. Nikanunua maji. Wala sikuwa na kiu.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo langoni sikupita. Nimezunguka kwa nyuma.

Ijumaa, 11 Aprili

Kaja mwenyewe. Na dada yake, na shemeji yake. Kumbe kwao huu msiba haukuwahi kuliliwa — utamliliaje mtu anayesemwa katoroka? Juzi ndiyo wamelia. Dada yake anasema, toka siku ile mama analala, anakula.

Mama anataka nimwombe msimamizi kesho jina la kijana lisomwe. Wewe una maneno, mwanangu, watakusikiliza.

"Maneno anayo," shemeji akadakia, "nywele ndizo hana!"

Mama akacheka. Dada yake akageuka kumtazama, kama kaona mtu karudi safari ndefu.

Walipoondoka nikamweleza Profesa. Akavua miwani. Mwambie ukweli, kaka. Nikamwambia, haya, twende ukamwambie wewe. Akavaa miwani, akairudia kompyuta yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika mbiombio, stoo. Mabunda mawili sakafuni. La kumi na mbili, lililosahihishwa, limefungwa kamba. La kumi na tatu, lile la kwanza, ni la kutupwa. Nje msimamizi kaja kuchukua vijitabu, anapiga honi. Bosi anaita, we kipara, leta mzigo! Na mama muuza maji yuko pale mlangoni na ndugu zake, kavaa nguo safi.

Haya, wewe unayesoma — najua ni mimi mwenyewe, lakini biashara ni biashara. Tufanye hivi. Toka nje, kamwambie yule mama mwanawe ni makosa ya mashine. Ukiweza kulisema hilo ukimtazama machoni, nabeba bunda la kumi na mbili. Ukishindwa, usiniulize nimebeba lipi.