Moshi Kwenye Paipu ya Maji

Jumanne, 14 Januari. Garissa

Pampu ni nzima. Amesema fundi Noor, saa nne asubuhi, baada ya kuifungua mara ya pili na kuipangusa kwa pindo la kikoi chake. "Bampu mzuri kabisa, mama. Maji ndio hana adabu."

Nimeandika: pampu, sawa. Betri, sawa. Chujio, safi. Tangi la lita themanini, limejaa. Nikibonyeza swichi pampu inanguruma, bomba linakohoa, linatema kijiko kimoja cha maji, linakohoa tena. Hewa. Inakoingilia, sijui.

Kanta hii, lori letu dogo, ilikuwa ya kusambaza mikate. Sasa ina vitanda viwili, jiko, choo, na bafu la ukubwa wa kabati. Baba anaiita duka la mikate. Bafu ndilo lililomfanya akubali kuja. Tangu Agosti mkono wake wa kulia umelala. Kwa mkono mmoja huwezi kushika kopo na sabuni. Lakini maji yakishuka yenyewe kutoka juu, anaoga peke yake na mlango umefungwa. Kuogeshwa na mimi, bintiye, hataki hata kusikia. Simlaumu. Mimi pia sitaki.

Mara ya mwisho kuoga: Jumapili.

Jumatano, 15 Januari. Wajir

Kabla ya kuondoka Garissa, alfajiri, maji yalitoka dakika nne kamili. Kisha yakakohoa. Baba alikuwa bado anapambana na vifungo vya shati.

Kwenye ubaridi yanatoka. Kwenye joto hayatoki. Nimeandika. Maana yake sijui.

Kuanzia saa tano ardhi mbele yetu ikageuka ziwa. Ngamia wakaja juu ya ziwa hilo bila miguu, wakielea polepole, kisha miguu ikawaota na wakawa ngamia wa kawaida wenye vumbi. Nimepita njia hii kikazi miaka ishirini na nne. Najua ni joto tu. Hata hivyo nilipunguza mwendo, kama mtu anayeogopa kulowa.

Baba alisema neno moja njia nzima. "Maji yote haya, na sisi tunabembeleza bomba." Kisha akalala. Au akajifanya.

Nimeingia chini ya gari mara tatu. Nimegusa kila kiungo kwa karatasi ya shashi. Karatasi ikarudi kavu. Hakuna tone popote.

Tumeegesha uani kwa Habiba, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Nilimhoji zamani habari za ukame, na tangu siku hiyo tunajuliana hali. Maji ya kisima chake yana chumvi na huacha alama nyeupe kwenye sufuria. Nimejaza tangi hadi juu. Hakuna tofauti.

Baba hakula jioni. Alisema huku ametazama ukuta: "Ijumaa adhuhuri maji yasipotoka, geuza gari. Siendi kwa mwanangu nikinuka."

Mwanawe ni kaka yangu. Alizaliwa Takaba, tunakokwenda, Baba akiwa mwalimu huko, akaishi siku kumi na moja. Mimi sikuwa nimezaliwa. Baba hajaliona kaburi tangu alipohamishwa. Ana miaka themanini na mmoja. Safari nyingine hakuna.

Alhamisi, 16 Januari. Wajir

Siku mbaya.

Nimebadilisha klipu zote. Nimebadilisha paipu kati ya pampu na bafu. Bomba linakohoa.

Nilitoboa jerikeni nikaining'iniza uani, nikazungusha shuka. Baba alisimama pale kidogo, upepo ukafunua shuka, akarudi ndani. "Mimi si ngamia wa kunyweshwa hadharani." Habiba akasema kaka yake yuko tayari kumwogesha mzee, ni thawabu, wala si kazi. Baba akanituma na jibu: "Mwambie ahsante. Na hapana."

Nilimfokea. Nilisema mkaidi. Sikupaswa. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi, mpaka nikamaliza mwenyewe.

Mchana kila kitu ni cheupe: mchanga, ukuta, mbuzi, mwanga wenyewe. Nilijilaza kwenye mkeka. Nikasikia maji yakitiririka, mazito, bila haraka, muda mrefu. Nikawaza: limepona lenyewe. Nikafumbua macho. Habiba alikuwa anamimina maziwa kutoka chombo hiki kwenda kile.

Ijumaa, 17 Januari. Wajir

Niandike kwa utaratibu, kabla sijasahau mpangilio.

Saa tatu. Habiba anafukiza vyombo vyake vya maziwa, kama kila asubuhi. Vimesukwa kwa mizizi. Anatia kijinga cha moto ndani, anafunika, anatikisa, moshi unasafisha na kuyapa maziwa ladha. Chombo kimoja alikifukiza, akaziba mdomo wake kwa kiganja, akakizungusha mbele ya uso pole pole. Ubavuni ukatoka uzi mwembamba wa moshi. Akaweka kidole pale pale. "Huyu amepasuka," akasema, akakipaka mafuta ya ngamia kwenye mshono.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini.

Siku tatu nimetafuta mahali maji yanapotoka. Sikutafuta mahali hewa inapoingia.

Saa nne. Nimeigeuza pampu. Upande unaovuta nimeufunga kipande cha paipu na kukitumbukiza ndani ya chombo chenye kijinga. Upande unaosukuma nimeuunga na paipu inayotoka kwenye tangi. Habiba amekaa mlangoni ameshika chombo, kitambaa kimezungushwa mdomoni, machozi ya moshi yanamtoka.

"Abaayo, dada yangu, hii gari inakunywa moshi ama inafuta sigara?"

"Shikilia tu."

Nikabonyeza swichi. Pampu ikanguruma. Nikakagua kiungo cha kwanza. Hakuna. Cha pili. Hakuna. Nikaanza kuona aibu.

Kisha sauti ya Baba kutoka kitandani, tulivu kabisa: "Binti yangu. Kitanda changu kinaungua."

Kando ya godoro lake moshi ulikuwa unapanda, mwembamba kama uzi, wima, mpaka dari. Hakusogea. Alikuwa anautazama.

Habiba alicheka hadi akakaribia kuangusha chombo. "Wallahi, awowe, huyu babu, anafukizwa kama maziwa! Leo atakuwa tamu."

"Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na sita," Baba akasema. "Hakuna aliyewahi kuniita tamu." Akaomba mkono ili ainuke.

Tuliinua godoro na ubao. Tangi liko chini ya kitanda chake. Paipu inatokea juu ya tangi, na pale inapopinda ina ufa wa urefu wa ukucha. Uko juu ya usawa wa maji, ndiyo maana haudondoshi hata tone. Joto likipanda plastiki inalegea na ufa unafunguka. Ubaridi unaufumba. Zile dakika nne za Garissa.

Nimekata paipu penye ufa, upana wa vidole vitatu, nimeichomeka upya, nimekaza klipu mbili. Pampu nimeirudisha ilivyokuwa. Saa sita na dakika ishirini nikabonyeza swichi. Bomba likakohoa mara moja, likanyamaza, maji yakaja.

Nilimpa Baba taulo.

Ijumaa, jioni

Alioga dakika kumi na tisa. Lita ishirini na mbili. Nilikaa kwenye ngazi ya gari, mgongo kwa mlango. Kutoka mjini ilikuwa inasikika adhana ya adhuhuri, na nyuma yangu maji yakianguka kwenye sakafu ya bati. Kwa muda sauti hizo mbili sikuzitofautisha. Alipiga mluzi kidogo. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Alitoka amevaa shati jeupe, vifungo viwili vimepishana. Sikuvigusa.

Maji yana harufu ya moshi. Naye pia, harufu ya vyombo vya Habiba. Habiba amesema itaisha baada ya siku mbili. Baba amesema hakuna haraka.

Sasa kaketi uani, mkono mzima umeshika mkono uliolala. Mwanga umekuwa wa rangi ya maziwa yaliyokaa. Mbuzi wanapita bila sauti. Tumekula wali, amemaliza sahani.

Nimejaribu pampu mara tatu tangu mchana, kwenye joto kali. Haikohoi. Tangi nimelijaza, na jerikeni nne za akiba.

Adan, mwanafunzi wake wa zamani, amepiga simu kutoka Takaba. Kaburi analijua, mawe ameyapanga upya wiki iliyopita. Atatusubiri lango la shule, Jumapili saa nne asubuhi.

Tunaondoka kesho saa kumi na mbili. Kabla ya hapo, saa kumi na moja, Baba anaoga.