Baba Hakugusa Ndoano

Alhamisi, 11 Julai 2013. Nyamitanga

Masweta ya shule tena. Mashine ya kufumia inakwama kila nikifika kwapani. Vumbi la kiangazi limeingia mpaka kwenye nyuzi. Amani bado amelala. Mdogo wangu amerudi likizo kutoka Australia baada ya miaka saba, na kazi yake ni kulala na kula ndizi. Namwonea wivu. Nampenda pia.

Leo kanieleza mpango wake. Amekodi mtumbwi wa mashine ziwani Nakivale, Jumamosi tumpeleke baba kuvua. Kwetu baba alikuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Hata hapa ukimbizini alivua, mpaka mama alipofariki. Miaka minne sasa hasemi zaidi ya salamu. Amani anadai maji yatamfungua kinywa. Nimeamini. Nimetaka kuamini.

Ijumaa, 12 Julai. Juru

Tumefika kambini kwa baba tukiwa wekundu kwa vumbi. Ametushika vichwa, basi. Tukapukuchua maharage, watu watatu. Amani akatoa fimbo zake za kuvulia, mpya, zinang'aa. Baba akazitazama, akaenda kufunga mbuzi.

Mdogo wangu kaumia. Nimemwambia subira huvuta heri. Mwenyewe sina.

Jumamosi, 13 Julai

Aibu tupu.

Mwenye mtumbwi, Mnyankore mcheshi, mwenyeji wa huku, alitupeleka karibu na mafunjo. Viboko walitutazama mpaka wakatuchoka. Amani akarusha ndoano, ikanasa majani. Akarusha tena, ikanasa kitambaa changu cha kichwani. Ningecheka kama baba angecheka. Yeye alikaa katikati, mikono mapajani. Kila akipewa mshipi anautazama tu.

"Mzee, shika tu! Samaki hapana kula mutu," mwenye mtumbwi akamtania.

Hakushika. Samaki hata mmoja hatukupata. Jua likatuchoma. Mwishowe Amani akafoka: amevuka bahari kwa ajili ya siku hii, na baba hataki hata kunyoosha mkono! Sijawahi kumsikia akimpandishia baba sauti.

Baba akajibu polepole: "Mimi niko mu kilio bado, mwana. Kilio ya mama yenu hatuyaimaliza. Nilikuwa nakungoya weye."

Tukarudi. Kelele ya mashine ilitusaidia.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Nina hasira.

Kwetu mfiwa hagusi chombo cha kazi aliyomlishia marehemu mpaka watoto wote wanyolewe siku moja. Hapo ndipo kilio kinapoisha. Mama alipozikwa kanisa liliomba, majirani wakala, tukaona yamekwisha. Amani alikuwa mbali. Baba hakumwita. Aliweka ndoano chini, akashika jembe, akangoja. Sisi tukasema ni uzee.

Nina hasira naye kwa kunyamaza. Nina hasira zaidi na sisi, tuliomtembeza ziwani kama mtalii. Amani amelia nyuma ya nyumba. Nimemwacha alie.

Jumanne, 16 Julai

Tumenyolewa uani, kila mtu na wembe wake. Baba mwenyewe ndiye aliyetunyoa. Amani alikuwa na nywele ndefu za kusuka, alizitunza kuliko viatu vyake. Hakubisha. Baba alipomaliza hakuondoa mkono kichwani pake, akabaki hivyo, na mimi nikaangalia pembeni.

Majirani wameimba. Tumekula ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Kichwa changu kinasikia baridi. Wateja watanicheka Nyamitanga. Wacheke.

Jumamosi, 20 Julai. Juru

Amani aliondoka jana. Nimekuja peke yangu. Mlango nimeukuta umefungwa, jirani akasema baba katoka asubuhi kuelekea ziwani. Nikakaa kivulini, nikachambua mchele niliokuja nao.

Amerudi mchana mikono mitupu. Samaki wa hapa wana kiburi, anasema. Chambo kibovu. Mafunjo yamezidi. Vijana wanapiga kelele majini kama wako sokoni, Tanganyika wangechapwa. Ameendelea hivyo tangu alipovua viatu mpaka wali ukaungua jikoni. Nimeunusa ukiungua. Sikuinuka, nisije nikamkatiza.