Gauni la Senene

Koku, rafiki yangu,

Senene wameanguka juzi, wa kwanza tangu tukuzike. Kahororo nzima ilitoka na ndoo, na jana ofisini walimu wakaleta sufuria, tukakaa kuwanyonyoa panzi hao mbawa na miguu. Kiti chako wamekiwekea madaftari. Hakuna aliyetaja jina lako. Nikaona nikuandikie, maana kuna jambo nilikuficha ukiwa hai.

Unakumbuka mlivyonitania? Walimu watano, mwenye ndoa mimi peke yangu. Ijumaa nyie mnapanga kwenda kula samaki ufukweni, mimi nakimbilia basi la Muleba. "Mke wa mtu, kimbia, usije ukaachwa na basi, ukaachwa na mume!" Hiyo ilikuwa yako. Nilicheka, lakini iliniuma. Basi nikapata njia ya kukaa nanyi vizuri: kumsema mume wangu, Mugisha. Kwamba ni mgumu, haongei, na kijijini kwake Kagoma naenda tu kwa kuwa nimeshaolewa, nifanyeje. Mkanihurumia. Jumatatu mkawa mnanimiminia chai kabla sijakaa.

Ukweli ni huu, Koku. Mugisha hunisubiri barabarani kila Ijumaa, hata mvua ikinyesha. Hunipokea mkoba, tunapita migombani kimya, na ule ukimya wake mimi naupenda. Nikifika nakuta ndizi zimeshamenywa. Mwanaume wa Kihaya kumenya ndizi! Majirani wanamcheka, yeye anamenya. Nina raha, Koku. Niliogopa nikisema hivyo mtaniona najidai.

Ndipo ukaja na habari za Projest, fundi cherehani wa kwenu Rubya. Msimu uliopita uliingia ofisini na kopo la senene uliowaokota mwenyewe, ukaninong'oneza, "Nimpelekee?" Wote tumelelewa na jambo hilo: mke humwokotea mumewe senene, mume humpa gauni. Wewe hukuwa mke wa mtu bado. Kumpelekea kopo lile ilikuwa ni kusema umekubali. Ukaniuliza mimi mwenye mume, "Wako alikununulia gauni?"

Wenzetu walikuwa wameshatega masikio. Nikapaza sauti, "Thubutu! Alikula, akafuta mdomo."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Ukacheka na wewe. Ukafungua kopo, tukala wote mpaka likaisha. "Kama wewe na pete yako unalia," ukasema, "mimi nitaweza wapi?" Projest ukamwambia asubiri kwanza.

Mugisha alininunulia, Koku. La bluu, lina maua meupe. Liko Kagoma sandukuni, mjini sijawahi kulivaa.

Ulivyougua hata hatukupata nafasi ya kuongea. Wiki mbili tu, umekwenda. Asubuhi ya mazishi Projest alifika kwenu na kitu amekikunja kwenye gazeti. Lilikuwa gauni la kijani. Tarehe ya gazeti ilikuwa ya msimu ule ule; alilishona wakati huo, likakaa likisubiri senene. Dada yako akamuuliza yeye ni nani wa marehemu. Nilikuwa pale mlangoni, nilimsikia.

"Fundi," akasema.

Walikuvika. Likakukaa sawasawa, na yule mtu hakuwahi kukupima. Walipoita ndugu na jamaa kuweka maua, yeye hakuitwa. Alisimama nyuma na wapita njia, na mimi niliyejua kila kitu nikasimama karibu yake, nikanyamaza. Ee Mungu wangu, ulimi huu!

Nisamehe. Pengine ungemkataa kwa sababu zako, sijui. Ila ungekataa kwa ukweli, si kwa uongo wangu wa kutafuta kuchekewa.

Jumatatu naingia ofisini na lile gauni la bluu. Wataniuliza tu, unawajua. Nitawaambia ni la senene, kaninunulia mume wangu, na ninampenda. Wakinuna, wanune.

Lakini Jumamosi nitaanzia Rubya. Mtu yule anadhani hukumwokotea hata mmoja. Nitamwambia kopo lilijaa, kwamba ulilijaza kwa ajili yake, na walioshiba ni sisi.

Lala salama, Koku. Hili sitalificha tena.

Mwenzako wa meza moja,
Mama Kagoma, kama ulivyoniita