Alama za Baba Zafika Voi

Baba mpendwa,

Shikamoo kutoka Voi. Jua la huku ni kali na vumbi jekundu limebadilisha rangi ya buibui langu, lakini moyo umejaa furaha.

Leo mkutanoni tulikaa pamoja, wakulima wa Mwanda wanaopima mvua majumbani kwao na sisi wa Mombasa tunaopima maji ya bahari yanavyoingia mitaani. Zamu yangu ilipofika, nilisimama. Nikaeleza jinsi wewe na majirani mnavyopaka rangi ukutani kila bahari inapojaa sana na maji ya bamvua kuingia kichochoroni, na jinsi alama zinavyozidi kupanda mwaka hadi mwaka.

Injinia wa mji wetu wa Mombasa akauliza, "Mnaweza kunionyesha kuta hizo?"

"Karibu hata kesho," nikamjibu. "Baba yangu atakutembeza."

Akasema mtaro mpya wa kutoa maji mtaani kwetu hautachimbwa kabla hajaziona, ili ajue wapi uwe mpana zaidi. Ukumbi mzima ukapiga makofi!

Kisha Mama Wakesho, anayepima mvua kule Mwanda, akanipakulia kimanga, chakula chao cha mihogo na maharagwe yaliyopondwa. Nikala, nikaongeza.

"Mzee wako anaitwa nani?" akaniuliza. "Nataka nikamtaje kwetu."

Nikamtajia jina lako na la babu na ukoo wote, mpaka akacheka.

Pumzisha huo mguu unaokuuma, Baba. Injinia anakuja mwezi ujao, nawe utamwongoza mbele za watu. Mungu akuhifadhi.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha