Divai ya Mabibo Haikai Darini

Mama, shikamoo.

Mjukuu wako, somo wako, sasa hivi ametafuna kizibo cha chupa, akakunja uso, kisha akanipa mimi nimalizie. Basi ujue ni mzima, na baba yake na mimi tu wazima. Miguu bado inakuuma? Na mjomba, kikohozi kimemwacha?

Habari ya divai yako ya mabibo kugeuka siki, madumu mawili kati ya matatu, nimeipata. Nilimweleza mama mwenye nyumba, huyu ninayemsaidia kutengeneza divai ya zabibu hapa Dodoma. Akauliza inakaa wapi. Nikasema darini, juu ya jiko, pamoja na mbegu za mahindi. Akanitazama.

"Kwenu mnatunza divai au mnakausha samaki?"

Nikamwambia mama yangu hajawahi kupoteza mbegu pale juu. Akasema mbegu sawa, ila divai ikipata joto imekwisha.

Kwa hiyo hilo dumu moja lililobaki, mama, lishushe leo. Kama bado linatoa mapovu, usikaze kifuniko. Yakiisha, mimina polepole kwenye chupa za kioo, machicha yabaki chini. Jaza mpaka shingoni, maana hewa ndiyo inayoleta siki. Kisha zilaze, kizibo kisikauke. Vizibo nimevifunga humu kwenye kifurushi.

Pa kuzilaza nimepafikiria sana. Hapa wana chumba cha chini, sisi hatuna. Lakini kile kisima cha uani cha maji ya mvua, kile kilichopasuka ukakataa kisifukiwe, ndani ni baridi na giza. Panga matofali chini, funika na bati. Usiende kuzichungulia kila siku.

Mjomba anasema mabibo ni ya pombe ya uraka tu, unywewe leo maana kesho umechacha. Mwache acheke. Mimi nataka Pasaka, somo wako akibatizwa hapo Makote, tunywe ya kwako, siyo soda za dukani. Baba yake anasema safari ni ndefu, tumbatize hukuhuku. Sijabishana naye bado.

Msalimie mjomba, na dada anayekusomea barua hii, asiruke maneno. Na wewe usihofu kwamba unatunza bure. Baba yake hata akikosa ruhusa kazini, mimi nitapanda basi na mtoto, nimeshaamua. Leo akirudi nitamwambia kwamba mtoto habatizwi mpaka bibi yake awe amemshika mkononi, na kama hataki basi. Ndiye huyo ananiita mlangoni, mama, ngoja nikamwambie.