Bwana wa Tanzia Amepata Mdomo

Shangazi yangu Bi Zuwena,

Mola akupe kauli thabiti. Nina habari ambayo ungeicheka mpaka ukashika mbavu: Bwana wa Tanzia amepata mdomo.

Ndiyo, yule yule! Wenzake, wanasesere wako wa sufu, uliwaacha rafuni kamili, kila mtangazaji na sura uliyompa kwa kumsikia redioni tu. Yule wa mpira na shingo yake ndefu, bibi wa kipindi cha watoto na mashavu kama maandazi. Wote wametoka kwenye masweta ya mitumba ya sokoni Chake, ukiyachambua sufu na kuidunga kwa ile sindano yenye meno, dunga, dunga, mpaka ikashikana ikawa pua. Wakikuuliza sweta la nini na joto lote hili, unawajibu, "La kumpa mtu wa redio uso."

Na sharti lako lilikuwa moja: mdomo haudungwi ila mwenyewe akiwa anasema, ukae sawa na sauti. Lakini yeye kazi yake kusoma vifo, na vifo vikisomwa ulituamrisha sote kuweka kazi chini na kunyamaza, huenda anayetajwa ni wetu. Basi Bwana wa Tanzia mdomo angeupata saa ngapi? Akisema, sindano iko chini. Akinyamaza, sharti linakataza. Miaka akakaa bubu na sharubu zake nene na kifua cha pipa. "Siku yake itafika," ukisema.

Ikafika yako. Akasoma jina lako na la baba yako, na kwamba maziko ni Chokocho baada ya sala ya alasiri. Nilimchukia, Shangazi. Nikamgeuza uso ukutani, na sindano yako nikaifunga kwenye kanga nisiiguse tena.

Sasa sikiliza. Juzijuzi nabishiwa hodi, nakuta mwanamume mdogo, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Kafungua kinywa tu kunisalimu, nami nikajikuta nimeshasema innalillahi! Sauti ile ile nzito. Akacheka. "Bi, mie kila nendako napokelewa hivi."

Amekuja Pemba kwa harusi ya mpwawe, akasikia Chokocho kuna sura yake ya sufu, naye akataka kutupa pole. Nikamtoa ukutani. Akajitazama kile kifua, zile sharubu. "Haya yote nimeyapata wapi?" Kisha, polepole, "Na mdomo?"

Nikamweleza sharti lako. Akakaa kitako mkekani. "Leo sina kifo hata kimoja," alisema. "Kalete sindano."

Akasema, nami nikadunga. Eti mkewe amemkataza kuwaita watoto kula, maana majirani wakimsikia hukimbilia kuvaa kanzu! Nilicheka nikajidunga kidole, nikalia, nikacheka tena. Mdomo umetoka umekenua, meno nje. Jioni akisoma tanzia sisi tunanyamaza kama ulivyotufunza, yeye yuko rafuni anacheka. Ile chuki imenitoka yote.

Na sindano haijarudi kwenye kanga. Nimeanza wewe, kwa lile sweta la kahawia ulilomkataza kila mtu. Pua nimeipatia, na lile jicho lako la kumtazama mtu anayechelewa. Mdomo ndio ulionikwamisha, maana weye husemi tena, na sharti ni sharti.

Lakini jana kuku walivamia mpunga nilioanika, nikawapigia makelele hayo! Jirani yetu Bi Mize akatoka mbio kashika kifua. "Zuwena?" Alipoona ni mie akakaa kizingitini, akacheka mpaka machozi.

Basi nimeshajua. Mdomo wako nitaudunga huku nasema mwenyewe.

Kwaheri, Shangazi yangu mpenzi. Nakuahidi sitanyamaza mpaka mdomo uishe.

Mwana wa kaka yako,
Raya